Majibu ya ER (kipokezi cha estrojeni) kutoka hasi kwa wagonjwa wengi wa saratani ya titi: ni uvimbe wenyewe au ni kopo la sampuli?

#1 Bloku77 (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Nauliza wanaoshika kinyama (sampuli ya uvimbe) kwa mikono yao: thieta, maabara, kliniki ya saratani. Ripoti nyingi za zamani za Afrika Mashariki zilisema nusu au zaidi ya saratani za titi kwa wanawake wetu hazina vipokezi vya estrojeni. Hadi leo, ukikaa kliniki ya rufaa ya kanda, iwe Mwanza, Moshi au Eldoret, neno "ER hasi" halikauki kwenye mafaili. Mwanamke akishaandikiwa hasi, mlango wa tamoksifeni, dawa inayozuia estrojeni, umefungwa. Anabaki na upasuaji na tibakemia, na mionzi ikimhusu. Kidonge cha miligramu 20 kwa siku, ambacho ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kabisa kwenye matibabu ya saratani, hapewi.

Dai langu ni kwamba sehemu kubwa ya hizo hasi ni za kopo, si za uvimbe. Titi limetolewa saa 4 asubuhi, limekaa kwenye bakuli mpaka orodha ya thieta iishe saa 9, kisha likatumbukizwa zima kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi nyama isioze) kidogo. Formalini inapenya milimita 1 kwa saa. Mpaka ifike katikati, kipokezi kimeshaoza.

Nipingeni kwa hoja.

#2 Mzee wa Darubini

Nakuunga mkono nusu. Kabla hujalaumu kopo wala uvimbe, angalia slaidi yenyewe. Pembeni ya saratani mara nyingi kuna vifereji vya kawaida vya titi, na seli za vifereji hivyo huwa zina ER. Si zote. Zinatoka mchanganyiko: kiini kimoja kahawia iliyokolea (kina ER), cha jirani bluu (hakina), kingine kahawia hafifu. Ukiona mchanganyiko huo kwenye kifereji kizima, na saratani iliyo hatua tatu pembeni ni bluu tupu, hiyo hasi iamini. Ukiona na kifereji chenyewe bluu tupu, hiyo slaidi haijasema chochote. Usiandike "hasi", andika "haisomeki" na uombe kinyama kingine.

Ripoti nyingi hazina mstari huo. Daktari wa kliniki anaona "ER hasi" na hana namna ya kujua kama kifereji kilishika rangi.

#3 Sista Thieta

Mleta mada, umesema kweli kuhusu bakuli, ila sababu si uzembe kama watu wanavyodhani. Formalini hailali thieta. Iko stoo ya maabara, imefungwa kwa ufunguo, kwa kuwa ni sumu na mvuke wake unachoma macho. Nesi anayezungusha vifaa hawezi kuacha mgonjwa mezani aende kuifuata. Kwa hiyo titi linasubiri.

Dawa ya hapo ni ndogo: makopo yaliyokwisha kujazwa yaletwe asubuhi kabla ya kisu cha kwanza, kwa kuhesabu orodha ya siku. Wagonjwa watatu wa titi kwenye ubao, makopo matatu makubwa kwenye kabati lenye hewa. Na fomu iwe na visanduku viwili vya saa: saa kilipotoka mwilini, saa kilipoingia kwenye formalini. Tofauti isizidi saa 1. Kisanduku kikiwepo mtu atakijaza. Kisipokuwepo hakuna atakayekumbuka.

#4 TakwimuTu

Wakuu, msikimbilie kopo haraka hivyo. Baiolojia ipo. Wastani wa umri wa wagonjwa wetu wa saratani ya titi uko miaka ya arobaini na kitu mpaka karibu hamsini, Marekani uko juu ya 60. Saratani za wanawake wadogo zina ER hasi kwa uwiano mkubwa zaidi, kokote duniani, hata kwenye maabara isiyokatikiwa umeme mwaka mzima. Ukilinganisha asilimia yetu na ya Marekani bila kusawazisha umri, unalinganisha binti na bibi.

Na tusipotoshe watu kwa kusema "saratani yetu inapenda vijana". Idadi yetu ya watu yenyewe ni changa. Hatari kwa kila mwanamke bado inapanda kadiri umri unavyokwenda, ila wanawake wa miaka 70 ni wachache kwenye jamii, na wenye uvimbe hawafiki wote hospitali.

#5 Nta na Kisu

Nasahihisha #1. Milimita 1 kwa saa ni mwendo wa mwanzoni tu. Kadiri formalini inavyoingia ndani inapungua kasi, kwa hiyo usipige hesabu ya "sentimita 5 ni saa 50". Halafu kupenya si kufiksi. Formalini ikishafika mahali bado inahitaji saa nyingi kufunga protini. Ndiyo maana hata kinyama cha sindano, chembamba kama njiti ya kiberiti, kinatakiwa kikae saa 6 kwa uchache. Wengi wanaona kimekuwa kigumu kwa nje ndani ya saa moja wanakipeleka kwenye mashine ya kukausha kwa spiriti siku hiyohiyo. Kikifika kwenye spiriti kikiwa hakijafungwa, ni spiriti inayokifiksi, na hapo ER inashuka.

Kwa titi zima, cha kwanza ni kulikata vipande vya milimita 5 hadi 10 kama mkate, bila kuvitenganisha kabisa, na kuweka gozi kati ya kipande na kipande ili maji yapite. Mafuta ya titi yanakataa formalini, kwa sababu formalini ni ya maji. Kiasi cha formalini kiwe mara 10 ya ujazo wa nyama kwa uchache, mara 20 ndiyo salama. Kopo lililojaa titi na formalini ikaelea juu kidogo kama mchuzi, hilo si kopo la kufiksi.

#6 Jiwe la Bismarck

Mnazungumza kopo tu, na sufuria je? Kupaka rangi ya kuonyesha ER kunahitaji kuchemsha slaidi ili kufungua kile formalini ilichofunga: sitreti ya pH 6 au trisi na EDTA ya pH 9, dakika 20 hadi 40 kwenye nyuzi 95 hadi 98. Hayo ndiyo maelekezo ya karatasi iliyokuja na kingamwili, ile dawa inayoishika ER ili rangi ionekane.

Mwanza iko takriban mita 1,140 juu ya usawa wa bahari. Maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Yaani bafu likitokota umeshafika kikomo chako, na likiwa na mfuniko uliolegea uko 93 au 94 bila kujijua. Ongeza umeme kushuka nguvu katikati ya dakika 20. ER hafifu, ile ya seli chache na rangi nyepesi, ndiyo inayopotea kwanza. Iliyokolea inabaki, kwa hiyo maabara inajiona iko sawa.

Sufuria ya presha inamaliza ubishi: hata kwa mwinuko wetu inafika karibu 120.

#7 Kaptagat

#6 umenena. Sisi wa Eldoret tuko kama mita 2,100, maji yanachemka kwenye 93. Karatasi ya mtengenezaji inasema 97, hiyo 97 haipo huku bila presha. Ukitumia bafu la wazi huna budi kurefusha muda, na ukirefusha nyama inabanduka kama slaidi si zile zenye chaji ya umeme ya kuishika. Nyongeza: pima joto ndani ya mtungi wa slaidi wenyewe, si maji ya bafu la nje. Mara nyingi ndani kuko chini zaidi, hasa ukiingiza mtungi wa baridi.

#8 ChumviMbili

Hakuna aliyegusa formalini yenyewe. Vituo vingi vinachukua ile kali ya asilimia 37 hadi 40, wanaweka sehemu 1 kwa 9 za maji ya bomba, basi. Hiyo haina bafa, yaani chumvi za kuzuia asidi. Ikikaa inazaa asidi ya fomiki, pH inashuka, nyama inapata vumbi la kahawia-nyeusi. Vumbi hilo linafanana na DAB, ile rangi ya kahawia inayoonyesha ER, kwa hiyo mbali ya kuharibu ER linaweza hata kumdanganya msomaji mpya akaona chanya isiyokuwepo.

Ya lita 1: formalini kali mililita 100, maji yaliyochujwa mililita 900, sodiamu fosfeti ya hidrojeni mbili gramu 4, ya hidrojeni moja gramu 6.5. Pima pH, iwe karibu na 7. Andika tarehe kwenye dumu. Usiweke dumu la ile kali mahali penye baridi, linatoa ukungu mweupe chini, na hapo nguvu haijulikani tena.

#9 Nta na Kisu

#8 asante, ila ongeza neno moja hapo au watu wataharibu. Gramu 6.5 ni ya chumvi kavu isiyo na maji ndani yake. Inayopatikana madukani mara nyingi ni ile yenye molekuli 12 za maji, na hiyo inatakiwa kama gramu 16.4. Lebo ya chupa inaonyesha. Ukiweka 6.5 ya hiyo, bafa yako haina nguvu ya kuzuia asidi.

#10 ChumviMbili

Kweli kabisa, nimepokea. Na hiyo ya gramu 4 ni yenye molekuli 1 ya maji.

#11 Mwana Ukerewe

Samahani wataalamu, swali la usafiri. Kinyama kimetolewa hospitali ya wilaya, ndugu anapewa kopo apande nalo kivuko kutoka Nansio au basi kutoka Bukoba. Kikitoka Ijumaa mchana kinafunguliwa Jumatatu au Jumanne. Miongozo inasema saa 6 hadi 72 kwenye formalini. Je, kilichozidi 72 kitupwe?

#12 Mzee wa Darubini

Kisitupwe. Ukomo wa chini umethibitishwa vizuri kuliko wa juu. Iliyokaa muda mfupi mno ndiyo inayotoa hasi za uongo kwa wingi. Iliyokaa siku 4 au 5 kwenye bafa nzuri, ER yake kwa kawaida inarudi ukichemsha ipasavyo kwa presha. Andika kwenye ripoti kuwa imezidi, ipake, angalia vifereji. Ikiwa chanya, ni chanya. Ikiwa hasi na vifereji navyo hasi, rudia kinyama.

Kwa watu wa Sengerema na Geita, daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa 2025 limeondoa foleni ya kivuko. Lakini daraja haliondoi Jumamosi na Jumapili.

#13 Sista Thieta

Nami niongeze kwa Mwana Ukerewe, maana hapo kwenye mikono ya ndugu ndipo mambo yanapoharibika. Kwanza mdomo wa kopo. Nyama laini inasukumwa ikaingia kwenye chupa ya maji ya kunywa yenye shingo nyembamba, na ikishafiksi haitoki tena mpaka chupa ikatwe, na kisu kinapita kwenye nyama. Mdomo uwe mpana kuliko nyama. Pili lebo: jina, namba ya faili, upande wa titi, viandikwe kwenye mwili wa kopo kwa penseli au kalamu isiyofutika, kamwe si kwenye mfuniko. Mifuniko mitano ikifunguliwa pamoja mezani, ni nani atajua upi ni wa nani?

Tatu kuvuja. Formalini inavuja kwenye buti la basi, harufu inapanda, utingo anateremsha mzigo. Zungushia plasta kwenye uzi wa mfuniko, weka ndani ya mfuko wenye pamba ya kutosha kunyonya kopo zima, kisha mfuko wa pili. Fomu ikae nje ya mfuko wa kwanza, maana ikilowa wino unaondoka na saa zote mbili.

Nyama ikishafiksi siku nzima au mbili unaweza kumwaga formalini, ukaivingirisha kwa gozi lililolowa formalini ndani ya mfuko uliofungwa vizuri. Inasafiri nyepesi. Lakini isiwe kabla ya hapo. Na isiwekwe kwenye maji ya chumvi "mpaka ifike Mwanza", hiyo inafika imeoza.

#14 Tabibu wa Kliniki

Mjadala mzuri, lakini mgonjwa amekaa mbele yangu leo. Kama tunakubali kuwa hasi nyingi zina mashaka, kwa nini tusimpe tamoksifeni kila mwenye majibu ya kutiliwa shaka? Hana cha kupoteza.

#15 Mfamasia wa Kona

#14 anacho cha kupoteza, mkuu. Tamoksifeni ya miaka 5 kwa mwenye ER chanya inapunguza kurudi kwa ugonjwa karibu nusu katika miaka 5 ya kwanza, na vifo kwa karibu theluthi katika miaka 15. Kwa asiye na ER haipunguzi kitu, na bado inabeba hatari ya damu kuganda miguuni, na saratani ya ukuta wa mfuko wa uzazi kwa waliokoma hedhi. Mtu asiyejua ER yake kabisa ni tofauti na mtu ambaye slaidi yake ilisomeka vizuri ikawa hasi. Wa kwanza nakubaliana nawe, apewe huku kipimo kikirudiwa. Wa pili hapana.

Na kama mnampa, ulizeni dawa nyingine. Rifampisini ya kifua kikuu inashusha tamoksifeni mwilini mpaka karibu isiwepo. Fluoksetini na paroksetini zinazuia ini kuigeuza kuwa kile kinachofanya kazi. Mwambieni pia kwamba hedhi kuyumba haimaanishi hawezi kushika mimba. Atumie kondomu au kitanzi kisicho na homoni, maana dawa hii inadhuru mtoto tumboni.

#16 TakwimuTu

Narudi kwenye hoja yangu, maana mmeifunika kwa chumvi na sufuria. Utafiti wa Kenya uliochapishwa 2014, sampuli zikiwa zimekusanywa kwa mpango na kufiksiwa kwa saa zinazojulikana, ulipata ER chanya karibu robo tatu, na wale wa hasi tatu (wasio na ER, wala PR ya projesteroni, wala HER2) karibu moja ya tano. Hapo kopo linashinda, nakiri. Mwaka huohuo uchambuzi wa pamoja wa tafiti za Afrika ulipata kuwa sampuli zilizokusanywa kwa mpango zina ER chanya kwa takriban pointi 10 za asilimia zaidi ya bloku za kabatini (vipande vya nyama vilivyohifadhiwa kwenye nta).

Lakini angalieni hiyo 10. Haitoshi kueleza pengo lote. Ghana hasi tatu ni nyingi mno, Ethiopia chache, na sidhani Ethiopia yote ina formalini bora kuliko Ghana. Kuna kazi inayohusisha jambo hili na ile aina ya jeni la Duffy inayokinga malaria ya vivaksi, ambayo imeenea sana Afrika Magharibi. Tatizo ni kwamba imeenea pia kwetu huku. Kwa hiyo nayo haimalizi.

Na kuna uteuzi. Anayefika rufaa ni mwenye uvimbe uliokua kwa kasi ukapasuka. Bibi mwenye uvimbe wa taratibu, ule unaoelekea kuwa ER chanya, yuko kijijini anaupaka majani miaka sita. Kisha kati ya waliofika, anayepimwa ER ni mwenye uwezo wa kulipia. Asilimia ya kliniki si asilimia ya Kanda ya Ziwa.

#17 Jiwe la Bismarck

Hapo kwenye uteuzi sina ubishi. Ila uvimbe uliopasuka una tatizo lake la kopo pia: watu wanachukua kinyama katikati ya kidonda, panapofikika kirahisi. Katikati ni nyama iliyokufa. Haina ER, haina chochote. Kinyama kitoke ukingoni, panapokutana uvimbe na titi zima, sindano ya geji 14, vipande 3 au 4. Ukitoa ukingoni unapata na vifereji vya #2 humohumo.

#18 Bloku77

Wakuu, mmenifundisha. TakwimuTu nakubali umri na uteuzi, ila hujaniondoa kwenye kopo, umenipunguza tu. Swali: zile bloku za zamani zilizoandikwa hasi, kuna namna ya kujua ipi ni ya kweli bila kumwita mgonjwa?

#19 Nta na Kisu

Anza na zile zinazopingana na darubini. Saratani ya daraja la 1 (seli zake bado zinafanana na za kawaida), ya lobula, ya tubula au ya ute, ikiandikwa ER hasi irudie bila kuuliza. Hizo karibu zote huwa chanya. PR chanya na ER hasi pia irudie. Kata mkato mpya wa mikromita 3 au 4, usitumie slaidi zilizokatwa miezi iliyopita, antijeni, yaani ile ER inayotafutwa, inafifia zikikaa wazi. Halafu paka vimentini, protini ya tishu unganishi, kwenye bloku hilohilo. Mishipa na tishu unganishi lazima vishike. Visiposhika, bloku limekufa na hakuna sufuria itakayolifufua.

Onyo kuhusu kidhibiti cha nje. Wengi wanaweka kipande cha shingo ya kizazi kwenye slaidi, kinapaka vizuri, wanaridhika. Kipande hicho kilifiksiwa na maabara yenyewe kwa uangalifu. Kinathibitisha kingamwili na sufuria. Hakithibitishi kopo la mgonjwa.

#20 Kaptagat

Na zile za mfupa. Saratani imerudi kwenye uti wa mgongo, kinyama cha mfupa kinalainishwa kwa asidi ya naitriki ili kikatike haraka, kisha kinapakwa ER. Hasi ya hapo haina maana. Tumia EDTA, inachukua siku nyingi, ama toa kwanza vipande laini visivyo na mfupa uvifiksi peke yake.

#21 Tabibu wa Kliniki

Nimewasoma wote. Sasa lililobaki ni la wapasuaji. #5 anasema titi likatwe kama mkate thietani. Wapasuaji wanakataa, wanasema tukikata tunaharibu kingo, mtaalamu wa patholojia hatajua saratani ilifika ukingo upi. Nao wana haki.

#22 Mzee wa Darubini

Wana haki wakikata kutoka mbele. Lilaze titi kwa ngozi chini, paka wino upande wa nyuma uliokuwa umeshikana na msuli, subiri wino ukauke, kisha kata kutoka nyuma kuelekea ngozi na uache ngozi nzima isikatike. Linabaki kama kitabu kilichofunguliwa, kurasa zimeshikwa na jalada.

#23 Sista Thieta

Na kabla ya wino, nyuzi mbili: fupi juu, ndefu pembeni kuelekea kwapa. Ziandikwe kwenye fomu hivyohivyo. Wino lakini nani ananunua? Bajeti ya thieta inasema ni wa maabara, maabara wanasema unatumika thieta.